Manjano Kidevuni mwa Pacha

Kazi yangu ni kusoma damu za watu. Nikisema hivyo sokoni Busia, wauza samaki hunipisha mbele ya foleni, nami sina haraka ya kuwaeleza zaidi. Ukweli ni kwamba nakaa katika chumba chenye dirisha moja, kwenye kliniki ya utafiti wa malaria upande wa Iyolwa, nikichungulia hadubini tangu asubuhi mpaka macho yaanze kuona pete hata ukutani. Pete ndizo ninazotafuta. Kimelea cha malaria kikiwa kichanga ndani ya chembe ya damu huonekana kama pete ndogo ya zambarau yenye kito kimoja, na ukishaizoea huwezi kuipita bila kuitambua. Nilizaliwa Dabani, nikasomea ng'ambo, Busia ya Kenya, kwa mwalimu wa Kiswahili aliyetukalia shingoni mpaka tukanyooka. Malaria imenilaza kitandani mara nyingi kuliko mapenzi, kwa hiyo hii vita naichukulia kama ugomvi wangu mwenyewe.

Na siku hizi ni ugomvi wenye raha. Nilipoanza kazi, habari za malaria zilikuwa za kuzika tu. Sasa kila nikigeuka kuna jambo jipya la kunifanya niache chai ipoe. Chanjo ya malaria imefika, na mama yangu, aliyeapa kwamba kitu hicho hakiwezekani, alikuta foleni ya akina mama na vichanga vyao pale kituo cha afya cha karibu na kwao. Akanipigia simu kunipasha habari, mimi ninayelala na kuamka na malaria, kana kwamba nimezaliwa jana. Nilimwacha amalize. Alikuwa akisema kwa kupiga kelele, na kelele hizo zilinifurahisha kuliko taarifa zote nilizosoma mwaka ule.

Kisha kikaja kile kifaa. Katika maabara kubwa ya Tororo walileta mashine ya kusoma vinasaba vya vimelea, ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, unaichomeka kwenye kompyuta basi. Zamani damu zetu zilipanda ndege kwenda kusomwa nchi za mbali, na majibu yalirudi mtoto mwenyewe ameshaanza shule. Sasa damu inatoka Iyolwa kwa pikipiki, na majibu yanarudi kabla hujasahau sura ya mgonjwa. Siku nilipopelekwa kuiona nilishindwa kujizuia, nikauliza kama naweza kuishika. Waliniambia ninawe mikono kwanza.

Tuliihitaji kwa sababu moja kubwa. Dawa tunayoitegemea, ile mseto ya vidonge vya manjano, imeanza kuchoka katika sehemu kadhaa za nchi, maana vimelea vingine vimejifunza kuivumilia. Dalili yenyewe si ya kificho. Mtoto anameza dawa siku tatu kamili, halafu unampima tena na pete bado zipo. Katika kliniki yetu hatukuwa tumeliona jambo hilo. Mimi nililiogopa, na nililisubiri pia, kama mtu anayesikia kila siku kwamba kuna chui kijijini naye hajamwona hata mkia.

Ndipo wakaja mapacha.

Walikuwa wasichana wawili wa mwaka na nusu hivi, gauni zao zimekatwa kitambaa kimoja, mmoja kafungwa mgongoni mwa bibi yao na mwingine kifuani. Huku kwetu mabibi wote tunawaita jaja. Jaja huyu alikuwa mwembamba, kimya, na mwenye shingo ngumu ya watu waliozoea kubeba. Mama wa watoto alikuwa akiuza mitumba mpakani, akirudi mwisho wa wiki. Yule wa mgongoni alikuwa moto kama jiwe la jikoni. Yule wa kifuani alikuwa akila kifuniko cha chupa.

Muuguzi wetu, kijana wa Busia ya Kenya asiyeweza kupita dakika bila mzaha, alimdunga kidole yule mgonjwa akaanza kufunga boksi lake.

"Na huyu?" jaja akauliza.

"Huyu yuko poa, jaja. Ona vile anakula plastiki yangu."

"Hawa watoto ni kitu moja. Ukidunga moja, unadunga wote."

Akamdunga na wa pili. Akawapima uzito wote wawili, akawabandika pamba wote wawili, kidole kilekile. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu Dabani ni hivyohivyo, na kwa majirani zetu wa Tororo, na ukivuka mpaka ni hivyohivyo: mapacha huoshwa pamoja, hunyolewa pamoja, na ukimpa mmoja ndizi ukamnyima mwenzake umeuita msiba kwa jina. Nilisoma vioo vyao, vile vipande vyembamba tunavyopakia damu. Damu ya mmoja ilikuwa imejaa pete, ya mwingine safi. Muuguzi akaponda kidonge cha kwanza, akakichanganya na maji, akamnywesha mgonjwa na maziwa kidogo juu yake, akamwonyesha jaja jinsi ya kutoa vilivyobaki, asubuhi na jioni, nyumbani.

"Na huyu?" jaja akauliza tena.

"Huyu hana malaria, jaja. Huyu mpe uji."

Tulicheka, pamoja na mimi niliyekuwa dirishani. Jaja hakucheka. Alitia pakiti ya dawa kwenye kona ya leso, akaifunga fundo, akaondoka.

Walirudi siku ya kupimwa tena, na mgonjwa wetu bado alikuwa na homa, amelegea begani, macho yamemshuka. Nilitia rangi kioo chake, nikakikausha, nikakiweka chini ya lenzi na tone la mafuta. Uwanja wa kwanza, yaani duara la kwanza lenzini, pete. Wa pili, pete tatu. Nilikaa wima. Nilichukua kile kidude changu cha kuhesabia, kinacholia tiki kila ukikibonyeza, na kililia tiki mpaka kidole gumba kikauma. Zilikuwa zimepungua kuliko mara ya kwanza, lakini zilikuwepo, zimenenepa na kutulia kama watu waliolipia chumba.

Moyo ulinienda mbio kwelikweli. Niliruka kitini, nikatoka na koti langu likining'inia bega moja, nikaita kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wote wa barazani wageuke.

"Daktari! Njoo uone! Njoo uone sasa hivi!"

Daktari wetu ni mwanamke mpole ambaye hajawahi kuniambia nipunguze sauti, jambo linalonifanya nimpende zaidi. Aliinama kwenye hadubini, akasogeza kioo taratibu, uwanja kwa uwanja.

"Ziko," akasema. "Weka tone kwenye karatasi, tulipeleke Tororo leoleo. Wakasome kwa ile mashine yako."

"Ni sugu, sivyo? Tumempata!"

"Kabla ya kumlaumu kimelea, tujue kwanza kama dawa ilifika tumboni. Twende tumuulize jaja."

Tukamuuliza. Alimaliza dawa? Alimaliza. Alifungua fundo la leso, akatoa pakiti, tupu kabisa, hata unga haukubaki. Mtoto alitapika? Hata mara moja. Alisahau siku yoyote? Jaja alimtazama daktari kama aliyetukanwa.

"Mimi sijasahau. Asubuhi napeana, jioni napeana. Na maziwa."

Muuguzi alinitupia jicho, nami nikamrudishia. Kwa upande wangu kesi ilikuwa imekwisha. Kichwani nilishaona pikipiki ikikata vumbi kuelekea Tororo, nilishaona ile mashine ikiwaka, nilishaona watu wakiuliza ni nani aliyesoma kioo kile. Kisha jaja akasema neno moja lililonishusha chini.

"Kwa hiyo dawa imeshindwa?"

Aliuliza akimshika mtoto kisogo kwa kiganja chote. Kama kimelea kile kilikuwa sugu kweli, tungehitaji dawa nyingine, na pengine hiyo nayo ingesuasua. Kuna maswali unayoyapenda sana yakiwa kwenye hadubini, na huyapendi hata kidogo yakiwa begani mwa mtu.

Nilichukua karatasi ya kukaushia damu nikaenda kupiga magoti mbele yao. Pacha mzima alikuwa ameketi sakafuni, safari hii akipigana na glavu ambayo muuguzi alimpulizia kama puto. Alipoinua kichwa kuniangalia nikaona kidevu chake. Chini ya kidevu, kwenye ule mkunjo wa shingo ya mtoto mnene, kulikuwa na manjano.

Rangi ile naijua. Vikombe vyote vya kliniki yetu vimeipata, na huitoi hata usugue kwa majivu. Nikavuta kola ya gauni lake taratibu: manjano. Nikaangalia kola ya mgonjwa: manjano yaleyale, kiasi kilekile.

"Jaja," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yangu ilikuwa ndogo. "Huyu naye alikunywa?"

"Alikunywa."

"Dawa ya mwenzake?"

"Ndiyo, musawo." Hivyo ndivyo anavyotuita sote tunaovaa makoti, awe daktari au mfagiaji. Akajinyoosha mgongo. "Nusu huyu, nusu huyu. Nakata na kisu, nalinganisha. Sawasawa. Hakuna moja alipata kushinda mwenzake."

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyeachiwa kazi nzito na kuitimiza. Muuguzi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jaja! Si nilikuambia huyu ni mzima? Sasa umempea mtoto nusu dose!"

Daktari alimgusa mkono akanyamaza. Kisha akaketi kwenye benchi pembeni mwa jaja, si mbele yake, akamuuliza kwa nini. Nilidhani jibu nilikuwa nalo tayari, la mila na desturi, lile ambalo hata mama yangu angelitoa. Jaja alitazama mikono yake.

"Mimi pia ni pacha," akasema. "Tulikuwa wasichana wadogo, tunaweza kuchota maji. Homa ilikuja. Mimi ndiye nilianza. Mama alipata dawa kidogo, ya mtu moja. Akanipa mimi, maana mimi ndiye nilikuwa nakufa. Mwenzangu alikuwa anacheza." Akavuta leso. "Halafu yeye akashikwa, na dawa haikuwepo tena. Watu wakasema alinyimwa, akakasirika, akaenda. Tangu hapo mimi nakula pekee yangu. Sasa hii mtoto mnaniambia nipe moja, ninyime moja. Siwezi."

Iliniuma. Nilikuwa nimepiga magoti na karatasi mkononi na sikujua niiweke wapi. Muuguzi alikuwa ameinamia boksi lake la pamba akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Daktari hakumwambia amekosea. Alimweleza kwamba dawa hii ni ya kupigana, na ukituma nusu ya wapiganaji, vimelea vinyonge hufa na vile vigumu hubaki, vikizaana. Alimwambia mtoto anywe upya, dozi nzima, hapahapa kliniki mbele ya macho yetu, na wote wawili watalala kwenye kitanda kimoja cha uangalizi. Jaja alisikiliza mpaka mwisho. Akamwangalia yule wa sakafuni.

"Na huyu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mtoto hakustahili kupewa dawa asiyoihitaji, na jaja hangempa mmoja peke yake hata ungemletea askari. Muuguzi ndiye aliyeinuka. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na kupitia dirishani nikamwona akitingisha mpapai ulio nyuma ya jiko letu kwa ufito mrefu, akikwepa, akiokota. Alirudi na papai lililoiva, akalimenya, akaliponda kwenye kikombe kama kile ambamo daktari alikuwa ameshaponda kidonge, kwa kijiko cha namna ileile, akaweka maji kidogo.

Jaja aliinamia vikombe vyote viwili.

"Ni manjano?"

"Ni manjano, jaja. Tena hii ya huyu mzima ni tamu kushinda ya mwenzake."

Jaja akashika kijiko kimoja kwa mkono wa kulia na kingine kwa wa kushoto, watoto wakiwa wameegemezwa kwenye mapaja yake. Vijiko viliingia midomoni kwa pamoja. Mmoja alikunja uso kwa uchungu, mwingine akapanua mdomo kudai zaidi. Jaja akaachia pumzi, na sisi tukaachia zetu. Nilitaka kupiga makofi, na kwa kuwa mimi ni mimi, nilipiga.

Lakini mambo hayakuwa yameisha. Daktari alinikumbusha, kwa upole wake, kwamba nusu dozi inaweza kueleza zile pete, na inaweza pia isizieleze. Huenda kimelea kilikuwa sugu tangu mwanzo. Huenda dozi nzima nayo ingeshindwa. Karatasi yenye tone la damu ilikwenda Tororo na pikipiki jioni hiyohiyo, na sisi tukabaki na mtoto, kikombe na papai.

Kesho yake homa ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda. Jaja hakuondoka kitandani hata kwenda kula, mpaka muuguzi alipomletea sahani mbili, akasema ya pili ni ya pacha wake. Alisema kwa mzaha wake ule, kisha akaona alichosema, akasimama akiwa ameshika sahani. Jaja akazipokea zote mbili, akaziweka pande zote za goti, akala kwa zamu, tonge hapa, tonge pale.

Siku iliyofuata simu ya daktari ililia nikiwa namimina rangi. Nilimsikia akisema "ndiyo, ndiyo," na nikamwaga nusu ya chupa kwenye viatu vyangu. Ile mashine ya mfukoni ilikuwa imesoma. Yale mabadiliko ya vinasaba tuliyoyaogopa hayakuonekana kwenye kimelea chetu. Kwa jinsi walivyoweza kusoma, dawa ilikuwa na kila sababu ya kufanya kazi, mradi mtoto apewe yote. Nilipiga ukelele wa furaha mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Habari niliyoitaka kwa hamu yote juzi ilikuwa imenikosa, na nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Fikiria: damu ya mtoto wa Iyolwa, imesomwa Tororo, herufi kwa herufi, na jibu limerudi mtoto bado yuko kitandani! Nilimweleza jaja hivyo kwa mikono na miguu. Aliniuliza kama mashine ilisoma pia damu ya huyu mwingine.

Asubuhi ya kupima kwa mwisho, mgonjwa wetu aliamka akilia njaa, kilio cha hasira, kizuri. Nilichukua damu ya wote wawili bila kuambiwa. Jaja alinifuata mpaka mlangoni mwa maabara, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akasimama pale. Nilisoma kioo cha mgonjwa uwanja kwa uwanja. Chembe nyeupe, chembe nyeupe, uchafu wa rangi, chembe nyeupe. Nilirudi mwanzo nikakipitia tena kwa sababu sikuamini furaha yangu. Hakukuwa na pete hata moja. Nilifungua mdomo nipige kelele, kisha nikaufunga, nikaweka kioo cha pili, nikakisoma kwa utulivu uleule mpaka mwisho. Ndipo nikainuka na vioo vyote viwili, kimoja kila mkono.

"Safi, jaja. Wote wawili."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani angegeuka aende. Badala yake aliingia ndani, akaketi kwenye kigoda changu cha wagonjwa, akaweka mkono wake wa kulia mezani, kidole kimenyooka. Alisema viungo vinamuuma siku hizi, nimpime na yeye. Nilimpangusa, nikamdunga, nikagusisha tone la damu kwenye kioo. Nikawa natafuta pamba.

Akaweka mkono wa kushoto mezani, kando ya ule mwingine.

"Na huyu?" akasema.

Damu ni ile ile, hilo tulilijua sote wawili. Nilichukua sindano mpya, nikadunga kidole cha mkono wa kushoto, kile cha mwenzake, nikatengeneza kioo cha pili. Nilivitia rangi vyote kwa wakati mmoja, nikavikausha pamoja dirishani, nikavisoma mpaka mwisho bila kuruka hata uwanja mmoja, jaja akingoja nyuma yangu na mapacha wakivutana leso yake. Kisha nikamgeukia nikiwa nimevishika vyote viwili, nikamwambia ni safi, wote wawili.